Dhana potofu kuhusu 4,294,967,297

Weka punje moja ya mchele wa Ahero leo, kesho mbili, keshokutwa nne, uendelee hivyo ukizidisha maradufu kila siku. Siku ya 33 utatakiwa kuweka punje 4,294,967,296. Ongeza moja tu, umeifikia nambari ambayo wanafunzi ninaowafunza hesabu Jumamosi hapa Kondele huniapia kwamba ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

"Inaishia na 7, mwalimu." Dhana hiyo jibu lake ni fupi: hata 27 inaishia na 7, na 3 huigawa bila baki. Wengine hujumlisha tarakimu, wakapata 59, wakaona 3 haiingii. Hujaribu 7, kisha 11, halafu huweka kalamu chini. Ni mapema mno. Nambari hii ni 641 mara 6,700,417.

Dhana ninayoihangaikia zaidi ni ya kuamini mfululizo. Mnamo 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa na 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Ukiondoa 1 kwa kila moja, unabaki na 2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8 na 16. Akaamini zote zinazofuata zitakuwa tasa. Yetu ndiyo ya sita, yenye kipeo 32, na ndiyo iliyoikata imani hiyo: mwaka 1732, Fermat akiwa amefariki tangu 1665, mwanahisabati Leonhard Euler aliipatia kigawo. Mpaka leo haijapatikana tasa nyingine ya jamii hiyo zaidi ya zile tano. Simlaumu Fermat hata kidogo. Tano mfululizo zingemshawishi yeyote. Lakini mifano mitano si uthibitisho, na hilo nalirudia kila muhula.

Kisha kuna wanaodhani lazima ujaribu vigawo hadi nusu ya nambari. La, unaishia kwenye kipeuo cha pili, yaani nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata yako, hapa takriban 65,536, kwa sababu kigawo kikizidi hapo mwenzake atakuwa chini yake. Hata hivyo zinabaki tasa 6,542 za kujaribu, na hapo ndipo watu hudai kompyuta. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa cha nambari hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Ukianzia chini, zinazofaa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano!

Kikokotoo cha tarakimu nane, kama vile vya wauzaji wa Kibuye, hakina hata nafasi ya kuiandika. Karatasi inayo. 4,294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9: 4,489, ni 7, baki 2. Shusha 6, shusha 7: sifuri, sifuri tena. Shusha 2: 2,672, ni 4, baki 108. Shusha 9: 1,089, ni 1, baki 448, ile ile ya mwanzo. Shusha 7 ya mwisho: 4,487. Ni 641 mara 7, na hakuna kinachobaki.