Maana ya kupunguza mwingiliano wa mawimbi katika mtandao wazi wa redio za simu

Alama ya mtandao kwenye simu imejaa, lakini video inazunguka tu, haifunguki. Wengi hudhani mnara uko mbali. Mara nyingi shida ni kwamba minara iko karibu, tena miwili au mitatu, na yote inarusha mawimbi kwa masafa yaleyale. Alama ile ya kwenye simu hupima nguvu ya mawimbi yanayofika, haipimi usafi wake. Mawimbi ya mnara unaokuhudumia yakifika yamechanganyika na ya mnara jirani, simu inapata taabu kuyatenganisha. Huo ndio mwingiliano wa mawimbi.

Kwa nini minara itumie masafa yaleyale? Enzi za GSM, mtandao wa kizazi cha pili (2G), haikuwa hivyo. Minara jirani iligawiwa masafa tofauti, hivyo haikusumbuana sana, ila kila mmoja ulibaki na kipande kidogo tu cha masafa ambayo kampuni imelipia. Ilipokuja 3G, na baada yake 4G, uamuzi ukageuka: kila mnara utumie masafa yote. Aliye chini ya mnara akaneemeka. Aliye mpakani, pale minara miwili inaposikika kwa nguvu zinazokaribiana, ndiye anayelipa gharama.

Gharama hiyo inahesabika. Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alionyesha kuwa kasi ya juu kabisa ya mawasiliano hutegemea upana wa masafa na uwiano kati ya mawimbi unayoyataka na kelele usizozitaka. Chukua masafa yenye upana wa megahezi 10. Mnara jirani ukisikika kwa nguvu sawa na wako, kasi haiwezi kuvuka megabiti 10 kwa sekunde hata ukiwa na mitambo bora kiasi gani. Nguvu ya jirani ikishuka hadi sehemu moja ya kumi ya ile ya mnara wako, ukomo unapanda hadi karibu megabiti 35. Hakuna mnara uliojengwa wala masafa yaliyoongezwa. Jirani amepunguza sauti tu. Kwangu mimi hesabu hii peke yake inatosha kuonyesha kwa nini wahandisi wanahangaika na jambo hili.

Sasa huo mtandao wazi ni upi? Kati ya simu yako na mitambo mikuu ya kampuni kuna antena, redio zinazofungwa mnarani, na kompyuta zinazoamua simu ipi izungumze wakati gani. Kwa miaka mingi vyote hivyo vilinunuliwa kwa mtengenezaji mmoja, na namna vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe ilikuwa siri yake. Mwaka 2018 kampuni za AT&T, China Mobile, Deutsche Telekom, NTT DOCOMO na Orange ziliunda muungano wa O-RAN Alliance (O-RAN ni kifupi cha Kiingereza cha mtandao wazi wa redio) ili namna hiyo ya kuzungumza iandikiwe viwango vinavyojulikana, redio ya huyu iweze kufanya kazi na kompyuta ya yule. Mwaka 2019 Vodafone ilitangaza majaribio ya mitambo ya aina hii katika nchi kadhaa, zikiwemo Kongo na Msumbiji, na Aprili 2020 Rakuten Mobile ilizindua huduma Japani kwa mtandao uliojengwa hivyo.

Uwazi wenyewe haupunguzi mwingiliano hata chembe. Kinachobadilika ni mahali uamuzi unapofanyika. Viwango vya O-RAN vinaweka vidhibiti viwili, yaani programu za kusimamia minara mingi kwa pamoja. Kimoja ni cha taratibu: hufanya kazi kwa zaidi ya sekunde moja, hata saa na siku, kikijifunza tabia za mtandao na kutoa sera. Cha pili ni cha haraka, huamua kati ya milisekunde 10 na sekunde moja. Maamuzi ya haraka kuliko hapo hubaki kwenye kompyuta zinazoendesha mnara. Ndani ya kidhibiti cha haraka huendeshwa programu ndogo ambazo mafundi huziita xApp, na zinaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kutengeneza hata antena moja.

Tuseme kuna minara miwili, A na B, na barabara yenye foleni katikati. Kila simu huripoti nguvu ya mnara wake na ya majirani. Kwa utaratibu wa zamani A alijua ya wateja wake, B ya wake, na wakapeana taarifa fupifupi. Kidhibiti kinaona ripoti za pande zote mbili kwa pamoja. Kikigundua kuwa jioni simu za barabarani zinaumia, kinaweza kumwambia B apunguze nguvu kwenye sehemu fulani ya masafa, au anyamaze kwa milisekunde kadhaa zilizopangwa, kisha A awaweke watu wa barabarani katika nafasi hiyo hiyo. Wateja walio karibu na B hawapotezi mengi, kwani walikuwa na ziada.

Ugumu mkubwa, nionavyo, unaanzia hapa. Programu moja inataka B apunguze nguvu ili kuondoa mwingiliano. Nyingine, iliyoandikwa na kampuni tofauti ili kugawa wateja sawasawa, inataka B aongeze ili avute simu zaidi. Zikiachiwa, mnara utapanda na kushuka bila kutulia, na simu zitahamishwa huku na kule mpaka mazungumzo yakatike. Mafahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo kidhibiti lazima kiwe na sehemu ya kugundua amri zinazogongana na kuamua ipi itangulie.

Kuna mwingiliano ambao programu haiuponyi kabisa. Pale ambapo kutuma na kupokea hupishana kwa zamu kwenye masafa yaleyale, saa za minara jirani zisitofautiane kwa zaidi ya mikrosekunde 3, yaani sehemu tatu za milioni za sekunde. Saa ikiteleza, mnara mmoja huanza kurusha wakati mwenzake anasikiliza. Vyuma vyenye kutu au viungo vya nyaya vilivyolegea huzaa mawimbi mapya ndani ya masafa ya kupokelea. Nacho kifaa cha kukuza mawimbi kilichofungwa kiholela juu ya paa la duka huweza kuziba masikio ya mnara mzima. Kidhibiti kitaonyesha kuwa kelele za upande fulani zimepanda tangu Jumanne. Kukaza viungo, au kwenda kuongea na mwenye duka, kunabaki kwa fundi.