Fransisko wa Sale, askofu aliyeongoza watu kwa barua

Katika masomo ya maisha ya kiroho ninayofundisha, Mtakatifu Fransisko wa Sale hutajwa kama mtakatifu wa upole, kisha somo likaendelea. Naona hapo anapunjwa. Upole kwake ulikuwa njia ya kazi, iliyofikiriwa na kufanyiwa mazoezi, na huonekana vizuri zaidi katika barua zake, ambazo zaidi ya 2,000 zimehifadhiwa hadi leo.

Alizaliwa tarehe 21 Agosti 1567 katika kasri la familia yake huko Thorens, Savoia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alimtaka awe mwanasheria, kwa hiyo alisoma Paris kwa Wajesuiti, kisha Padua, alikopata udaktari wa sheria mwaka 1591. Akiwa Paris, kijana ambaye hajatimiza miaka 20, alishikwa na hofu nzito kwamba huenda Mungu amekwisha kumweka katika hesabu ya watakaopotea milele. Hofu hiyo ilimdhoofisha mwili na roho kwa majuma kadhaa, mpaka alipopiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria katika kanisa la Saint-Étienne-des-Grès na kuazimia kwamba, liwalo na liwe, atampenda Mungu walau katika maisha haya. Ni vigumu kuelewa uangalifu aliokuwa nao baadaye kwa watu wenye dhamiri zilizojaa woga bila kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alipita huko.

Alipewa upadre Desemba 1593, na mwaka uliofuata akatumwa Chablais, upande wa kusini wa ziwa la Geneva, ambako wengi walikuwa Wakalvini, yaani Waprotestanti waliofuata mafundisho ya Yohane Kalvini. Usiku alilala katika ngome ya Allinges, mchana akishuka kwa miguu hadi mji wa Thonon kuhubiria watu wachache mno, kwa kuwa waliobaki waliogopa au walikataa kumsikiliza. Hapo ndipo alipoanza kuandika hoja zake kwenye karatasi, zikanakiliwa, kisha zikapenyezwa chini ya milango ya nyumba. Ni haki kusema pia kwamba eneo hilo halikurudi katika Ukatoliki kwa karatasi peke yake. Shinikizo la mtawala wa Savoia, Charles Emmanuel, lilichangia sana, na anayesimulia habari hizi bila kulitaja anasimulia nusu. Hata hivyo karatasi zile ndizo zilizomfanya Papa Pio XI, mwaka 1923, amtangaze kuwa msimamizi wa waandishi na wanahabari Wakatoliki.

Mwaka 1602 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Geneva, jimbo ambalo maaskofu wake hawakuweza kuishi katika mji wenyewe tangu Matengenezo ya Kiprotestanti. Aliishi Annecy, akifundisha katekisimu kwa watoto na kuzunguka parokia za milimani. Alimpokea nyumbani mwake kijana kiziwi aitwaye Martin, akamfundisha imani kwa ishara mpaka akapokea Komunyo.

Kwaresima ya mwaka 1604 alihubiri Dijon, na huko akakutana na Jeanne de Chantal, mjane mwenye watoto wanne, ambaye mume wake alikufa kwa ajali ya uwindaji. Mama huyu alikuwa amefungwa na kiongozi wake wa kiroho kwa nadhiri za ajabu: amtii yeye, asimwache kamwe, atunze siri ya yote anayomwambia, na asizungumze habari za roho yake na mwingine yeyote. Fransisko hakukurupuka. Alisali na kupima jambo hilo kwa miezi, kisha tarehe 14 Oktoba 1604 akamwandikia barua ndefu akimweka huru na kumpa kanuni ambayo kwangu ndiyo kiini cha mafundisho yake yote: afanye yote kwa upendo, asifanye lolote kwa kulazimishwa, na apende utii zaidi ya anavyoogopa kukosa utii. Mwaka 1610 wawili hao walianzisha Annecy Shirika la Visitasio, shirika la watawa wa kike lililokusudiwa kuwapokea hata wajane na wanawake wenye afya dhaifu.

Kitabu chake maarufu kuhusu maisha ya uchaji, kilichotolewa mwaka 1609, nacho kilitokana na maandishi aliyompa mwanamke mwenye ndoa, Madame de Charmoisy. Humo anauliza kama inafaa askofu aishi upweke kama mmonaki wa Kartusio, au fundi ashinde kanisani kutwa kama mtawa. Jibu lake ni kali kuliko wengi wanavyomtarajia: kutaka kufukuza uchaji kutoka kwenye kambi ya askari, karakana ya fundi au nyumba ya wanandoa ni kosa, tena ni uzushi, yaani fundisho linalopinga imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba wabatizwa wote wameitwa kwenye utakatifu. Fransisko alikuwa amekwisha kuwaandikia walei hivyo zaidi ya karne tatu kabla.

Katika sehemu ya tatu ya kitabu hicho anafundisha upole kwa nafsi yako mwenyewe. Ukianguka, usiukemee moyo wako kwa hasira; uambie kwamba, ole wetu moyo wangu maskini, tumetumbukia tena katika shimo tulilokuwa tumeazimia kuliepuka, haya tuinuke. Naamini waungamishaji wangeweza kusoma ukurasa huo kila mwaka bila kuuchosha.

Alifariki Lyon tarehe 28 Desemba 1622, akatangazwa mtakatifu mwaka 1665 na Mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu ambao mafundisho yao yanathaminiwa na Kanisa lote, mwaka 1877. Kwetu amefika hasa kupitia Don Bosco, padre wa Italia aliyelea vijana, aliyeliita shirika lake la mwaka 1859 kwa jina la mtakatifu huyu: Wasalesiani walianza kazi Katanga, nchini Kongo, mwaka 1911, na Kenya na Tanzania mwaka 1980. Anayetaka kumsoma asianze na kitabu chake kikubwa juu ya upendo wa Mungu cha mwaka 1616, ambacho kinahitaji msomaji aliyekwisha kumzoea. Aanze na sehemu hiyo ya tatu, kisha barua ya tarehe 14 Oktoba.