Je, wajua kwa nini stesheni ya Arsenalna jijini Kyiv iko mita 105 chini, halafu inayofuata iko juu kweupe?

Ukishuka kwenye treni ya metro pale Arsenalna, katikati ya Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, mpaka uone jua zinapita kama dakika tano, na muda mwingi humo hutembei, umesimama tu kwenye ngazi za umeme. Ziko mbili. Ya kwanza inakupandisha mpaka ukumbi wa kati, unatembea hatua kadhaa unaingia ya pili, nayo inapanda weee mpaka inakutoa kwenye jengo la duara lililopo pembeni ya barabara. Kutoka barabarani hadi treni inaposimama ni mita 105.5. Stesheni ilifunguliwa tarehe 6 Novemba 1960 pamoja na wenzake wanne, ndo metro ya Kyiv ilivyoanza, na kwa miaka mingi sana ikawa inatajwa kama stesheni ya chini kuliko zote duniani mpaka 2022 ilipofunguliwa Hongyancun kule Chongqing, China, yenye mita 116. Kuna pia Pyongyang, Korea Kaskazini, ambako zinatajwa stesheni za zaidi ya mita 100, ila vipimo vya kule watu wa nje hawajapata nafasi ya kuvihakiki, kwa hiyo hizi habari za nani namba moja zichukuliwe kwa tahadhari.

Swali ni kwa nini wachimbe chini kiasi hicho.

Jibu utakalolisikia sana ni la vita. Wanasema 1960 ilikuwa kipindi cha Umoja wa Kisovieti na hofu ya bomu la nyuklia, bunge liko hapo jirani, ofisi za wakubwa ziko hapo jirani, basi wakachimba shimo refu viongozi wapate pa kukimbilia. Na ukweli ni kwamba hili jibu lina vitu vinavyolibeba, ndiyo maana halifi. Metro za Kisovieti kweli zilijengwa huku wakifikiria kuwa siku moja watu watajificha humo, zina milango mizito ya chuma ya kuziba njia. Na kuanzia Februari 2022, Urusi ilipoanzisha uvamizi mkubwa, wakazi wa Kyiv walishuka kwa maelfu kulala kwenye stesheni za metro, na magodoro, mablanketi na watoto wakawa humo humo majukwaani. Mtu akishaona hayo anasema si unaona, ilijengwa kwa ajili hiyo.

Lakini kitu kutumika kwa kazi fulani na kitu kujengwa kwa sababu ya kazi hiyo ni mambo mawili. Na kuna ushahidi mmoja ambao hauhitaji kuchimbua nyaraka zozote, unahitaji kupanda treni tu. Ukitoka Arsenalna kwenda upande wa mashariki, stesheni inayofuata inaitwa Dnipro, na ile haiko chini ya ardhi hata kidogo, iko hewani, imeinuliwa juu ya barabara ya kando ya mto, unasimama jukwaani upepo unakupiga. Sasa kama lengo lilikuwa kuficha watu, mbona njia ile ile, mwaka ule ule, kilomita moja na ushee mbele, inatokeza nje kwenye mwanga? Na kama treni imetoka mita 105 chini ya ardhi ikafika juu hewani kwa dakika chache vile, mbona abiria hawajahisi wanapanda ukuta?

Hawajahisi kwa sababu treni haijapanda kihivyo. Kilichoshuka ni ardhi iliyokuwa juu yao.

We chukua lundo la mchanga wa ujenzi, lile linalomwagwa na lori mbele ya nyumba inayojengwa. Chukua nondo ndefu, ichomeke ubavuni kwenye lundo, chini karibu na ardhi, ilale sawa kabisa mpaka itokeze upande wa pili. Nondo haijaenda chini popote, imelala vile vile mwanzo mwisho. Ila ukipima kutoka kilele cha lundo kushuka hadi kwenye nondo unapata kimo cha lundo lote, na ukipima pale inapotokeza unapata sifuri, nondo unaiona kwa macho. Sasa fikiria mtu kasimama kwenye kilele, hajui kama lile ni lundo maana limejaa majengo, miti na barabara za lami, yeye anaona ni mtaa tu wa kawaida. Akiambiwa nondo iko chini kabisa huko atadhani mtu alichimba kisima, kumbe mwenye nondo alipita moja kwa moja na hakuinamisha mkono.

Arsenalna ndo kile kilele. Upande wa kulia wa mto Dnipro, ambao ndio upande wa Kyiv ya zamani, umesimama kama ukuta wa vilima, na kilima cha Pechersk kinafika karibu mita 100 juu ya maji ya mto. Nyuma ya kilima, mtaa mkubwa wa Khreshchatyk umelala bondeni. Metro inatoka huko bondeni, inapita chini ya kilima, inatokeza kwenye ubavu wake unaotazama mto, na huo ndio urefu wa nondo yetu. Majukwaa ya Arsenalna yapo karibu na kimo cha mto wenyewe.

Basi wangeiweka stesheni juu kidogo, mtu atauliza. Hapo sasa inakuja shida ya magurudumu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza, hiyo ndiyo faida yake na ndiyo kasoro yake, treni inatumia nguvu kidogo kwenye tambarare ila mlima inaukataa. Kwa metro za Kisovieti kipimo cha kawaida ndani ya handaki kilikuwa usizidishe mita 4 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Piga hesabu, stesheni ikiwa mita 10 tu chini ya barabara kule kileleni, treni inabaki na kama mita 80 za kushuka ili ifike kimo cha daraja la kuvuka mto, na kwa mteremko huo inahitaji kilomita 2. Hizo kilomita 2 hazipo, mto umeshafika! Na daraja lilikuwa kwenye mpango, lilianza kupitisha treni 1965 kwenda ng'ambo ya kushoto ya jiji. Kwa hiyo treni haikuweza kumfuata abiria juu ya kilima, ikabidi abiria ashushwe kwa ngazi za umeme, ambazo mteremko mkali sio tatizo kwao.

Kilima kimefanya hivi miji mingine pia. London stesheni ya chini kuliko zote ni Hampstead, mita 58 na nusu hivi, iko chini ya mtaa wa mlimani. Paris ni Abbesses, mita 36, kwenye kilima cha Montmartre. Na hiyo Hongyancun iliyovunja rekodi iko Chongqing, jiji ambalo ni milima mitupu. Ila isiwe kila shimo refu tunasema kilima, maana Saint Petersburg ni tambarare kabisa na stesheni yake ya Admiralteyskaya iko mita 86 chini, kule walikimbia udongo tepetepe wenye maji uliopo juu wakatafuta tabaka gumu.

Ukishatoka nje Arsenalna usiondoke haraka, maana unasimama juu ya jibu lenyewe. Hatua chache tu ndipo ulipowekwa mzinga wa zamani juu ya jiwe, ukumbusho wa wafanyakazi wa kiwanda cha Arsenal walioasi Januari 1918, na ndicho kiwanda kilichokuja kutengeneza kamera za Kiev ambazo wapenzi wa picha bado wanazitafuta. Ukifuata upande mmoja unakuta bustani na ikulu ya Mariinskyi na bunge. Ukifuata upande wa pili kwa mwendo wa kama robo saa, unapita Bustani ya Utukufu wa Milele na makumbusho ya njaa kuu ya 1932 na 1933 yenye mnara mweupe wa umbo la mshumaa, unafika Lavra, monasteri ambayo historia yake inaanzia 1051. Mimi ningeanza na Lavra bila kufikiri mara mbili, kwa sababu watawa walitoboa kilima hiki hiki miaka 900 kabla ya metro, wakachimba mapango membamba ya kuishi na kuzikana, na masalia ya watakatifu bado yamo mle. Mbele kidogo kuna sanamu ya Mama wa Taifa, mita 102 ukijumlisha na msingi wake, ambayo Agosti 2023 ngao yake ilivuliwa nyundo na mundu ikavishwa nembo ya Ukraine.

Ukimaliza rudi stesheni ushuke tena, panda treni ya kwenda Dnipro, simama karibu na dirisha. Ving'ora vya mashambulizi ya anga vikilia safari za sehemu ya wazi husimamishwa, treni haivuki mto mpaka hali itulie, huku zile za chini ya ardhi zikiendelea na kazi, kwa hiyo angalia hali ya siku hiyo kabla hujapanga kwenda ng'ambo.