Uso unawaka kwa sababu umeacha pomadi

Msimu wa ndoa ukifika hapa Bukavu, mabinti wanakuja kuniona wakiwa wamefunika uso na kitenge. Wengi hawaletwi na pomadi ya kujichubua. Wanaletwa na kuiacha.

"Dokta, nilipokuwa napaka sikuwa na shida. Nimeacha wiki moja tu, ona!" Na shangazi aliyemsindikiza anadakia: basi apake tena mpaka harusi ipite.

Shangazi ameona sawasawa, ila hajui chanzo. Michanganyiko inayopimwa kwenye vikopo visivyo na lebo, pale Kadutu na kwingineko, mara nyingi ina hidrokinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, pamoja na klobetasoli. Hii ya pili ni dawa halali ya ukurutu sugu: asilimia 0.05, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na usoni haipakwi. Inabana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, ndiyo maana uso unalainika na vipele vinapotea. Ukiikatiza, mishipa inafunguka kwa kishindo: wekundu, vipele, muwasho usiolaza. Mtu anarudia kikopo, anapata nafuu, anaamini kikopo ndicho tiba.

Mtaani wanacheka: uso wa Fanta, miguu ya Coca. Kejeli hiyo inaniudhi, maana anayecheka mara nyingi ndiye yule anayetafuta mke "brune", yaani mwenye ngozi nyeupe. Vifundo vya vidole vinabaki vyeusi kwa kuwa ngozi ya pale ni nene. Na hidrokinoni ikitumika miaka, mashavu yanaweza kupiga weusi wa kibluu, okronosisi, na huo kuutoa ni kazi kweli.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda ilianza msako mkali wa bidhaa hizi mwishoni mwa 2018. Vizuri, lakini msako hautibu ngozi iliyokwisha kuzoea.

Aliyepaka mwili mzima muda mrefu asiache kwa siku moja. Klobetasoli inapenya hadi kwenye damu na kulaza tezi zilizo juu ya figo. Ikikatwa ghafla, mtu anaweza kuishiwa nguvu, kusikia kizunguzungu, hata kuzimia. Tunashusha polepole, kwa dawa nyepesi zaidi, tukipima shinikizo la damu. Na kama unaandaliwa kwa upasuaji, hata wa uzazi, mwambie daktari unachopaka: ngozi iliyokonda haishiki nyuzi vizuri, na kidonda kinachelewa kufunga. Njoo na kikopo chenyewe, hata kikiwa kitupu.