Kuwekewa stenti si kupona: dhana potofu kuhusu mishipa ya moyo

"Daktari, si mlishanizibua? Dawa za nini tena?" Swali hili nalisikia kliniki mara kwa mara, na wengi wanaoliuliza huwa wameshaacha aspirini na statini (dawa ya kushusha mafuta ya damu) kitambo. Hao angalau wamekuja kwa miguu yao. Wengine huletwa kwa machela.

Dhana: Stenti ikishawekwa, ugonjwa umekwisha.

Haujaisha. Stenti, kibomba kidogo cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa, hupanua kipande kifupi cha mshipa mmoja, ilhali ugonjwa umetapakaa kwenye kuta za mishipa ya moyo. Watu huuona mshipa kama bomba la sinki: uchafu umejaa, fundi amezibua, maji yanapita. Sivyo. Mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wenyewe. Utando unaoyafunika ukichanika, damu huganda hapo na mshipa unaziba ghafla. Tena mara nyingi panapochanika ni mahali ambapo mshipa haukuwa umebana sana, mahali ambapo hakuna daktari angeweka stenti. Kinachopatuliza hapo ni statini, kushusha presha, kudhibiti sukari na kuacha sigara.

Utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa 2020, ulifuatilia wagonjwa 5,179 katika nchi 37. Hali zao zilikuwa zimetulia, lakini vipimo vilionyesha moyo haupati damu ya kutosha. Kundi moja lilipewa dawa na kupelekwa mapema kwenye angiografia (picha ya mishipa ya moyo), kisha stenti au upasuaji kwa waliofaa. Jingine lilianza na dawa tu. Baada ya miaka 3 na kidogo, waliofariki kundi la kwanza walikuwa 145, la pili 144. Utafiti wa COURAGE wa 2007 nao haukuona stenti ikipunguza vifo kwa wagonjwa wa namna hii.

Je, stenti haina kazi? Inayo, na kubwa. Katika ISCHEMIA, waliokuwa wakibanwa kifua mara kwa mara walipata nafuu zaidi kwenye kundi la kwanza. Na kwa mwenye shambulio la moyo linaloendelea, kufungua mshipa haraka kunaokoa maisha. Huyo akimbizwe hospitali usiku huohuo, asisubiri kuche. Ninachokataa ni mtu kuipa stenti kazi ya dawa.

Ukishawekewa, unapewa dawa mbili za kuzuia damu isigande, kwa kawaida aspirini na klopidogreli. Ukiziacha kabla ya wakati, damu yaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe. Ukiambiwa uziache ili ung'olewe jino, piga simu kwanza kwa daktari wako wa moyo. Na kila ukija kliniki, nakuomba sana, beba dawa zako zote kwenye mfuko, hata zile ulizopewa na jirani. Cheti peke yake hakinionyeshi unachomeza.

Dhana: ECG yangu ni safi, kwa hiyo moyo ni mzima.

ECG ya kupumzika, yaani kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umetulia, inaweza kuwa safi kabisa kwa mtu ambaye mishipa yake imebana. Ukibanwa kifua unapopanda ngazi na kutulia ukipumzika, maelezo hayo yana uzito kuliko karatasi uliyoishika.

Dhana: Ndimu na kitunguu saumu huyeyusha mafuta ya mishipa.

Hapana. Vitie chakulani, lakini visichukue nafasi ya dawa.

Dhana: Statini zinaumiza misuli, bora kuziacha.

Madhara ya kweli yapo, ila ni machache kuliko inavyodhaniwa. Utafiti wa SAMSON ulichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, ukawapa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya vidonge visivyo na dawa, na miezi isiyo na kidonge chochote. Takriban asilimia 90 ya usumbufu waliousikia kwenye statini ulijitokeza pia kwenye vidonge vitupu, na nusu yao wakarudia dawa. Kwa hiyo misuli ikiuma njoo tupime damu, tupunguze dozi au tubadilishe aina. Usiache kimyakimya.