Urejeshaji wa joto: jinsi kibadilisha joto cha kiwanda cha maziwa kinavyookoa nishati

Kibadilisha joto ni kifaa kinachopitisha joto kutoka katika kimiminika au gesi moja kwenda katika nyingine bila ya viwili hivyo kuchanganyika. Kati yao huwekwa ukuta wa metali, na joto hupenya ukuta huo kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi. Rejeta ya gari hufanya kazi hiyo, na zile bomba zilizopindwapindwa nyuma ya jokofu la zamani hufanya kazi hiyohiyo. Viwandani kifaa hiki hutumika katika kusindika vyakula, kusafisha mafuta, kutengeneza kemikali na kuzalisha umeme, kwa hiyo muundo wake ukiwa mbaya hasara huonekana moja kwa moja katika gharama za kuni, mafuta mazito au umeme. Mahali ambapo jambo hili hueleweka kwa urahisi zaidi ni kiwanda cha maziwa.

Katika njia inayotumika sana ya kuua vijidudu, maziwa hupashwa hadi kufikia angalau nyuzi 72 za Selsiasi, hukaa katika joto hilo kwa sekunde 15, kisha hupozwa upesi hadi karibu nyuzi 4. Kwa kuwa maziwa mabichi nayo huhifadhiwa yakiwa baridi, kiwanda hujikuta kikilipia jambo lilelile mara mbili: boila inaingiza joto, na mtambo wa kupoza unalitoa. Tuchukue kiwanda kinachosindika kilo 10,000 za maziwa kwa saa. Kuyapandisha kutoka nyuzi 4 hadi 72 kunahitaji karibu kilowati 740 za joto, na kuyashusha tena kunahitaji kuondoa kiasi hichohicho.

Urejeshaji wa joto ni kuyakutanisha maziwa hayo, yaliyokwisha kupashwa na yale yanayongoja kupashwa, katika pande mbili za bamba moja jembamba la chuma cha pua. Ya moto yanapoa kwa kuyapa joto ya baridi, na boila inabaki na kazi ya kumalizia nyuzi chache tu. Sharti la kwanza la muundo ni kwamba mitiririko miwili ielekee pande tofauti. Ikienda upande mmoja, maziwa ya nyuzi 72 na ya nyuzi 4 yatasogeleana hadi yote yafikie nyuzi 38, na hapo joto halina tena pa kwenda. Hata kifaa kikiongezwa ukubwa namna gani, hakiwezi kurejesha zaidi ya nusu. Mitiririko ikipishana kinyume, maziwa mabichi yanayokaribia kutoka hukutana na ya moto yaliyoingia sasa hivi, na hivyo yanaweza kupanda hadi kuikaribia nyuzi 72 yenyewe.

Kiwango cha urejeshaji hutajwa kwa asilimia. Kikiwa asilimia 90, maziwa mabichi hutoka sehemu ya urejeshaji yakiwa na nyuzi 65.2, na boila huyaongezea nyuzi 6.8 zilizobaki, kilowati 740 zimekuwa 74. Upande wa pili, maziwa yaliyopashwa hutoka na nyuzi 10.8, kwa hiyo mzigo wa mtambo wa kupoza nao umepungua kwa kiasi hichohicho. Hii ndiyo sababu ya kuuweka urejeshaji mbele ya maboresho mengine yote: uniti moja ya joto inayookolewa hapa inapunguza gharama mbili kwa wakati mmoja.

Swali linalofuata ni kwa nini tusifikie asilimia 99. Jibu limo katika kanuni ya msingi ya kifaa hiki, kwamba kiasi cha joto kinachopita hutegemea mambo matatu yanayozidishana: eneo la ukuta, wepesi wa joto kuupenya ukuta, na tofauti ya joto kati ya pande mbili. Kadiri tunavyorejesha joto zaidi, ndivyo tofauti hiyo inavyopungua, na eneo hulazimika kufidia. Kutoka asilimia 80 hadi 90, eneo huongezeka zaidi ya mara mbili, na kiwanda chetu huokoa kama kilowati 74. Kutoka asilimia 90 hadi 95, eneo huongezeka tena zaidi ya mara mbili, lakini kinachookolewa ni kilowati 37 tu. Hatua ya baadaye itadai mabamba maradufu kwa nusu ya faida hiyo. Mahali pa kusimama huamuliwa na bei ya nishati ikilinganishwa na bei ya mabamba, wala si na uwezo wa kifundi, na muuzaji anayetangaza asilimia peke yake bila kutaja eneo wala shinikizo ambalo maziwa hupoteza yakipita katika kifaa anaeleza nusu ya habari.

Kuhusu wepesi wa joto kupenya, wengi hufikiri kwanza kubadili metali, kwa kuwa shaba hupitisha joto mara nyingi zaidi kuliko chuma cha pua. Katika kifaa hiki faida yake ingekuwa ndogo. Bamba lina unene wa kama nusu milimita, na kikwazo kikubwa zaidi kimo katika tabaka jembamba la kimiminika linalogandamana na ukuta na kusonga polepole mno. Tabaka hilo ndilo linalopaswa kuvurugwa. Richard Seligman, aliyebuni kibadilisha joto cha mabamba nchini Uingereza mwaka 1923 kwa ajili ya maziwa, aliweka msingi wa suluhisho linalotumika hadi leo: mabamba mengi yaliyobanwa pamoja kwa gasketi, yaani mipira ya kuzuia kuvuja, yenye njia nyembamba kati yake. Mabamba ya sasa hufinyangwa migongo ya mshazari inayokatizana, ili kimiminika kizungukezunguke badala ya kuteleza moja kwa moja. Msukosuko huo nao una bei yake. Kasi ya maziwa ikiongezwa maradufu, wepesi wa joto kupita huongezeka kwa chini ya mara mbili, ilhali shinikizo linalopotea huongezeka kwa karibu mara nne, na pampu hulilipia kwa umeme. Ndiyo maana mabamba yenye migongo mikali na yale yenye migongo ya wastani mara nyingi huchanganywa katika kifaa kimoja hadi upatikane uwiano unaofaa.

Kinachoharibu hesabu hizi zote ni ukoko. Protini za maziwa huanza kubadilika umbo joto linapopita takriban nyuzi 70, zikaganda ukutani pamoja na chumvi za kalsiamu, na ukoko huo hupitisha joto kwa shida mara zaidi ya kumi kuliko bamba lenye unene uleule. Muundo mzuri huupunguza kabla haujatokea: haupashi maziwa kwa mvuke wa moja kwa moja bali kwa maji ya moto yanayoyazidi maziwa kwa nyuzi 2 au 3 tu, hauachi pembe ambamo maziwa yanatuama, na hautumii mabamba mengi kiasi cha kufanya kasi ishuke katika kila njia. Hili la mwisho husahaulika sana. Kifaa kilichonunuliwa kikiwa kikubwa kupita kiasi ili kijihami dhidi ya uchafu huweza kuchafuka mapema kuliko kidogo, kwa sababu mtiririko umepoteza nguvu ya kujisafisha.

Kuna sharti jingine lisilohusu nishati lakini linaloufunga mkono wa mbunifu. Bamba likitoboka, maziwa mabichi hayapaswi kuingia katika yaliyosafishwa, kwa hiyo upande wa maziwa yaliyosafishwa huwekwa shinikizo kubwa zaidi. Kila badiliko linaloongeza upotevu wa shinikizo lazima lipimwe pia kwa kigezo hiki.

Wasindikaji wadogo wanaopasha maziwa ndani ya pipa moja, nyuzi 63 kwa dakika 30, hawafaidiki na urejeshaji wa namna hii, kwani maziwa ya moto na ya baridi hayapo katika mwendo kwa wakati mmoja. Wanachoweza kufanya ni kuyatumia maji yaliyopoza pipa kwa kuoshea vyombo, na joto linalopatikana hivyo ni dogo.

Kujua kama kifaa kilichopo kinafanya kazi yake hakuhitaji vipimo vya gharama. Vipimajoto kwenye njia za kuingilia na kutokea vinatosha, mradi visomwe kila siku kwa mtiririko uleule. Maziwa mabichi yaliyokuwa yakitoka sehemu ya urejeshaji na nyuzi 67 yakianza kutoka na nyuzi 65, boila sasa inaongeza nyuzi 7 badala ya 5, yaani mzigo wake umepanda kwa asilimia 40. Hapo ukoko ndio hushukiwa kwanza, na kifaa huoshwa kwa soda kali, kisha kwa asidi inayoyeyusha chumvi za kalsiamu. Joto lisiporudi baada ya hapo, mabamba hufunguliwa na kukaguliwa moja moja pamoja na gasketi zake.