Kioski cha brauza ni nini hasa

Watu wakisikia kioski huku Mtwara wanawaza kibanda cha vocha au kile cha maji, na hicho cha maji ndo mfano mzuri kuliko wote. Pale unaweka ndoo, unafunguliwa bomba, unaondoka na maji yako, hujui tenki liko wapi wala pampu inawashwaje na hakuna anayekuruhusu uishike. Kompyuta ikiwekwa kwa mtindo huo inaitwa kioski. Ikiwaka inafungua brauza, ile programu ya kusomea kurasa za intaneti, ikiwa na ukurasa mmoja umejaa skrini nzima, hakuna sehemu ya kuandika anwani, hakuna tabu za kurasa nyingine, hakuna alama ya kufungia.

Kompyuta yenyewe siku hizi mara nyingi ni Raspberry Pi, kibao kimoja kidogo cha saketi, ukubwa kama kadi ya benki, kilichotoka Uingereza 2012, unakichomeka kwenye tivii kwa waya wa HDMI basi. Mi niliwafungia jamaa wa ghala moja la korosho njia ya Nanyamba, walitaka wakulima wakija msimu wa mnada waone bei kwenye tivii ukutani badala ya kusukumana kwenye karatasi moja iliyobandikwa mlangoni.

Kuweka chenyewe si kazi kubwa. Unaandika mfumo wake, Raspberry Pi OS, kwenye kadi ya memori, unaseti iingie yenyewe bila kuuliza paswedi, unazima ile tabia ya skrini kujizima, halafu unaiambia iite brauza ya Chromium ikiwa na --kiosk na anwani ya ukurasa wako. Amri hiyo kwenye matoleo mapya inakaa kwenye faili la autostart ndani ya folda ya .config/labwc, zamani ilikuwa sehemu nyingine kabisa, ndo maana ukifuata maelekezo ya miaka ya nyuma unakesha na hakuna kinachotokea. Ongeza na --incognito, yaani hali ya brauza isiyokumbuka kurasa zilizopita, nitasema kwa nini.

Shughuli ni umeme. Luku ikiisha au umeme ukikatika hakuna anayezima kwa utaratibu, inakatwa tu shingo. Ukirudi, Chromium inajua haikufungwa vizuri kwa hiyo inatoa kidirisha inauliza kama irudishe kurasa, na kinakaa pale juu ya bei za watu siku nzima kwa sababu hakuna mausi ya kukifunga, sasa hiyo incognito ndo inakiondoa. Kubwa zaidi ni kadi, umeme ukikatika katikati ya kuandika inaweza kuharibika na mashine isiwake tena. Dawa yake iko kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, inaitwa overlay, ukiiwasha kadi inabaki ya kusomwa tu na yote yanayoandikwa yanakaa kwenye RAM, memori ya muda, umeme ukikatika yanapotea na wala huyahitaji.

Ila overlay nayo ina vituko. Pi nyingi hazina saa yenye betri, zinakumbuka muda uliohifadhiwa kwenye kadi, na kadi imefungwa, kwa hiyo kila ikiwaka inadhani ni ile siku uliyoifunga mpaka ipate intaneti irekebishe. Bando likiisha nayo inabaki mwezi wa nne wakati nje watu wanabeba magunia ya Oktoba, na intaneti ikirudi kabla saa haijarekebishwa brauza inaanza kulalamika ukurasa si salama, kwa sababu tarehe hazilingani.

Chaja sasa. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, mi nikaweka chaja ya simu niliyokuwa nayo mfukoni, ikawa inatoa alama ya radi kwenye kona ya skrini, maana yake umeme hautoshi, mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hiyo radi ndo bei imepanda?"

Na kibodi cha kuandikia ondoka nacho. Alt na F4 zikibonyezwa pamoja brauza inafungwa hata ikiwa kioski, na watoto wa pale ghalani walizigundua kabla sijamaliza chai.